Kupita Shambani kwa Watu

Jumamosi, tarehe 8 Machi. Tangu alfajiri ni upepo tu. Jua lipo lakini halina kazi, linawaka kama taa ya ndani ya friji. Pipa la taka la jirani limeanguka barabarani, nimelisimamisha mara mbili, mara ya tatu nimeliacha.

Naandika leo hii hii kwa sababu kuna jambo nimelifanya saa tisa mchana na bado sijui kama nimelifanya vizuri. Nikingoja kesho nitajipendelea.

Inabidi nianzie mbali kidogo. Bibi ninayemhudumia siku tatu kwa wiki, hapa hapa Riverdale Park, ana kipindi chake cha televisheni. Mtu anatembea na mbwa milimani, kaskazini mwa Uingereza, na hakuna kingine kinachotokea. Bibi husinzia baada ya dakika kumi. Mimi sisinzii. Nilikuwa naangalia kuta. Ni kuta za mawe matupu, hazina saruji wala udongo, zinapanda mlima mpaka juu kabisa ambako hakuna nyumba, kuna kondoo watatu tu na mawingu. Nikawa najiuliza nani aliyabeba yale mawe mpaka kule, na alikuwa anamzuia nani. Kwetu Lushoto jiwe likikusumbua shambani unalisukumia pembeni, yanaishia hapo. Nilimuuliza bibi, akasema zimekuwepo siku zote. Hilo si jibu, lakini alikuwa ametoka usingizini, simlaumu.

Miaka kumi na tisa tuliyokaa huku ughaibuni, likizo zetu zote zimekuwa misiba na harusi. Silalamiki, na sisi tumezikiwa na kusindikizwa. Lakini mwaka huu mume wangu, anayeendesha basi dogo la hoteli kule Alexandria, ng'ambo ya mto kutoka kwetu hapa, alipewa wiki moja ya mwezi wa sita, na hakuna aliyefariki wala anayeoa. Nikamwambia nataka kwenda kuziona zile kuta, kwa miguu, sisi wawili, tusiwe wageni wa mtu. Nilitegemea acheke, na alicheka. Halafu akauliza, "Huko si wanaendesha kushoto?"

"Ndiyo."

"Kushoto ndiko nilikojifunzia. Na gari nachukua la gia, mama. Yale mengine ni ya wagonjwa."

Kwa hiyo safari ilikubaliwa kwa sababu ya gari. Mimi sikujali imekubaliwa kwa sababu ya nini.

Binti yetu anasoma chuo na hurudi Ijumaa na mfuko wa nguo chafu. Tunamsemesha kwa Kiswahili, anajibu kwa Kiingereza, tumezoeana hivyo. Ndiye aliyetutafutia ramani kwenye kompyuta. Ilikuwa na vistari vya kijani vilivyokatika-katika, vingi kama sisimizi, vinapita katikati kabisa ya mashamba. Nikamuuliza hivi ni nini. Akasoma, akasema ni njia za miguu, mtu yeyote anaruhusiwa.

Kwenye shamba la mtu? La mtu. Na ng'ombe wake humo? Humo. Unafungua geti lake? Unafungua, unapita, unafunga.

Mume wangu akavuta kiti. "Soma vizuri hapo. Huyo yeyote ni nani? Na mimi nimo?"

Asionekane mtu wa ajabu, niseme alichokuwa nacho kichwani. Mwaka juzi kifurushi cha jirani kiliachwa kimakosa mlangoni kwetu. Tulikaa dakika kumi tukijadiliana nani akipeleke, kwa sababu kufika mlangoni kwao lazima ukate kwenye majani yao, na mwisho tulimtuma binti kwa kuwa ana sura ya mwanafunzi. Ndivyo tulivyojizoesha. Jirani mwenyewe hajawahi kututendea baya lolote, hofu ilikuwa yetu.

Binti akasoma tena, taratibu. Sheria inasema yeyote.

Mume wangu akasema, "Basi huko ni kama kwetu." Nami nikakumbuka kitu ambacho sijui nilikiacha wapi miaka yote hii. Milimani kwetu njia zinapita mashambani kwa watu, nyuma ya nyumba zao, karibu na moshi wa jiko. Unapaza sauti tu, "Tunapitaaa!" Nao wanajibu "Piteni!" bila hata kuinua kichwa kwenye mahindi.

Baada ya hapo nikafanya kosa langu. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ni nesi Bradford, huko huko kaskazini. Nilitaka kumuuliza kuhusu koti la mvua. Lakini tuna ndugu wengine Uingereza, Leicester na Coventry, nikaona kumuuliza wifi peke yake ni kama kuwaficha wao. Nikataka niwe sawa kwa wote. Nikaandika kwenye kundi la ukoo kwenye simu: Habari za wote, naomba kuuliza, koti gani linafaa kwa mvua ya kaskazini mwa Uingereza mwezi wa sita?

Hakuna aliyejibu kuhusu koti.

Baba mdogo wa Leicester aliandika, "Karibuni sana! Jumatatu na Jumanne mko kwangu." Shemeji wa Coventry akaandika kwamba Jumatano na Alhamisi wameshika wao, mkewe ameshaomba ruhusa kazini. Kaka mkubwa kutoka Lushoto akasema tusiache kupita kwa mtoto wa marehemu shangazi, London, ni hapo hapo tu. Wifi aliandika neno moja, "Nimeona." Kesho yake akatuma picha ya shuka mpya, bado zimo kwenye plastiki.

Nilihesabu siku zetu saba. Nikitoa Jumamosi na Jumapili za wifi na London, nilibaki na Ijumaa, tena mchana.

"Umeitisha mkutano mwenyewe," mume wangu akasema.

"Niliuliza koti!"

"Kundi la watu arobaini unauliza koti."

Alikuwa na haki. Lakini na la kwake niliandike: yeye ndiye aliyewajibu "Asanteni sana, tutafika." Nilipomuuliza kwa nini, akasema, wewe ungejibu nini? Nilifikiri wiki nzima.

Wiki tatu zikapita hivyo, mimi nikijua safari ya kutembea imekwisha kabla ya kuanza, lakini hakuna aliyesema, kwa hiyo tuliendelea na mazoezi. Binti alisoma mahali kwamba mtu azoee kubeba mzigo mgongoni. Leo asubuhi kila mmoja wetu alitia mfuko wa mchele wa kilo tano kwenye begi, tukafuata njia ya kando ya kijito mpaka kule ziwani na kurudi. Kwenye daraja upepo ulitusukuma kama walinzi wa mlangoni. Karibu na ziwa, mabata bukini walikuwa wameziba njia nzima, kama ishirini, hawana habari na mtu. Mume wangu akasimama, akaweka mikono mdomoni.

"Tunapitaaa, jamani!"

Hawakusema piteni. Mmoja alinyoosha shingo akamjia, wengine wakafuata, na mume wangu, mwanaume wa miaka hamsini na sita, na kilo tano za mchele mgongoni, alikimbia. Nilikaa chini kwenye majani kwa kucheka. Aliporudi alikuwa anahema na bado anawagombeza kwa Kisambaa. Nikamwangalia. Sijui ni lini mara ya mwisho kumwona hivyo. Kwenye basi la hoteli anavaa tai, anafungua mlango, anasema karibuni, anafunga. Nikajua pale pale kwamba siyo kuta peke yake ninazotaka. Nataka siku saba za mtu huyu, na nisipofungua kinywa nitazikosa.

Tuliporudi yeye na binti walikwenda uwanja wa magari wa kanisani kufanya mazoezi ya kushoto. Upo mtupu Jumamosi, na kuna nguzo moja anaizunguka kama kipilefti, binti anamkemea pembeni. Nikabaki peke yangu. Saa tisa yetu, kwao saa mbili usiku. Nikampigia wifi.

Nilimchagua yeye kwa kuwa akikubali mkubwa, wengine watanyamaza. Lakini yeye ndiye mgumu kuliko wote. Mama yangu alipofariki, wifi alipanda ndege kutoka Bradford akaja Lushoto, akapika siku nne kwenye moshi, akarudi macho mekundu moja kwa moja kwenye zamu. Mtu kama huyo unamwambiaje hutaki kulala kwake?

"Wifi yangu! Mmekula?"

"Bado. Wifi, nina neno na linanishinda."

"Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa."

"Basi sema, unanipandisha presha."

Nilisema vibaya. Nilisema, "Tunakuja huko, lakini hatuji kwenu." Nikasikia nilichosema. Nikajaribu kurekebisha, ikazidi kuharibika. "Tunakuja kutembea, wifi. Kwa miguu. Sisi wawili, tulale huko huko milimani kwenye nyumba za kupanga."

Nyuma yake birika la umeme lilikuwa linachemka, likachemka mpaka likajizima.

"Kutembea wapi?"

"Kwenye zile kuta za mawe."

"Za kondoo?"

"Hizo."

"Wifi, hizo naziona kila siku kutoka dirishani kwenye basi, miaka kumi na sita. Ni mashamba ya wenyewe yale. Mtafukuzwa na mbwa."

Nikamweleza vistari vya kijani, na geti, na kwamba sheria inasema yeyote.

"Yeyote?"

"Mtoto amesoma mara mbili."

"Na sisi?"

"Mdogo wako naye aliuliza hivyo hivyo."

"Kuna watu nawaona kule juu na vifimbo vyao, viwili viwili," akasema. "Mimi nilijua ndio wenye mashamba, wanakagua kondoo." Akacheka, lakini hakikuwa kicheko chake. "Ninaposhukia mimi, wifi, ng'ambo ya barabara pale pale, kuna kigeti cha mbao na kibao cha mshale. Miaka kumi na sita. Nikajua ni cha mtu."

Yeye akaendelea, kama anaongea na birika. "Mimi na mumeo tulikuwa tunakata mashambani kwa watu mpaka sokoni Mlalo, na mizigo kichwani. Hakuna aliyetuuliza." Halafu akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwa wifi yangu anayeamrisha misiba mizima, "Hamwezi kunichukua hata siku moja?"

Nilikuwa nimepiga simu kumwomba anipishe, na sasa mimi ndiye nimeshika geti.

"Siku mbili," nikasema.

Hapo akarudi kuwa wifi. "Sawa. Hao wa Leicester na Coventry niachie mimi. Waje Bradford siku yenu ya mwisho, wote kwa mpigo, nitapika, mtawasalimia mara moja mmalize. Shuka zangu mtazilalia usiku huo mmoja, sizirudishi dukani. Siku nyingine piteni mnakopita."

"Asante, wifi."

"Na koti chukua lenye kofia, refu, lifunike makalio. Mwavuli usilete, upepo wa kule utakugeuzia." Ndivyo nilivyojibiwa kuhusu koti.

Mume wangu aliporudi nilimwambia yote, bila kujipamba.

"Siku mbili? Si aliomba moja!"

"Aliomba kwa unyonge."

"Wewe humjui dada yangu kwenye kilima. Atatumaliza. Tangu mdogo anatangulia, hageuki nyuma." Lakini alikuwa anavua viatu huku anapiga mluzi, na baadaye nilimsikia anamwuliza binti kama kile kigeti cha Bradford kinaonekana kwenye ramani. Walikitafuta. Kuna kistari cha kijani kinaanza barabarani, kinakata mashamba matatu, kinapanda. Mume wangu alikifuata kwa kidole mpaka kikatoka nje ya skrini, akamwambia binti asogeze, akaendelea.

Sasa yanayonisumbua. Kwanza, siku mbili nilizogawa hazikuwa zangu peke yangu, zilikuwa za wawili, na sikumuuliza. Yeye hakulalamika kwa hilo, analalamikia mwendo wa dada yake tu, lakini kutolalamika si kukubali. Pili, mtoto wa marehemu shangazi wa London hakutajwa na mtu, si mimi wala wifi. Tatu, zimebaki siku nne za sisi wawili, nami nilipokuwa nahesabu niliona ni nyingi, na wiki tatu zilizopita ningeona ni wizi. Sijui nilipima vibaya lini. Nimeishia darasa la saba, hesabu hazikuwahi kunipenda.

Na kuta bado sijui nani alizijenga. Binti alitaka kunisomea, nikamkataza. Nataka nimuulize mtu wa kule kule, nikiwa nimeweka mkono juu ya jiwe.

Upepo umepungua. Pipa la jirani bado limelala, nimetoka nikakata kwenye majani yao nikalisimamisha kando ya ukuta, jirani yuko dirishani, akanipungia mkono.

Jioni tumepika mchele wa kwenye begi la mume wangu, wangu umebaki begini kwa ajili ya kesho baada ya ibada. Tumekula wali, maharage ya nazi, na kabichi ambayo binti aliiunguza kidogo kwa kuongea na simu, nasi tukaimaliza.