Dakika Kumi na Nne za Salamu

Saa moja na dakika tano asubuhi, Jumanne, niliwakataza mafundi wangu sita kusalimiana. Tulikuwa tunajenga nyumba Nzuguni, na siku hiyo tulipaswa kumwaga zege la linta, ule mkanda unaopita juu ya milango na madirisha. Mashine ya kuchanganyia nilikuwa nimeikodi kwa siku moja tu, kwa fedha yangu.

Usimamizi wa kazi nimejifunza mwenyewe, kwa vitabu vya mtumba na daftari. Wiki nzima nilikuwa nimepima muda kwa simu, nikaona salamu zinakula dakika kumi na nne kila asubuhi. Kwetu mtu haridhiki na "hujambo". "Mbukwenyi," anaanza mmoja kuamkia kwa lugha ya kwetu, kisha anaulizia nyumbani, watoto, shamba, mbuzi, na mwenzake anamrudishia yote.

"Leo tuhesabu tumeshasalimiana," nikasema. "Kazini."

"Hata shikamoo yangu, bosi?" akauliza fundi nondo, ambaye ni mkubwa kwangu.

"Hata hiyo."

"Basi na marahaba nabaki nayo."

Walifanya kazi kimya, haraka kuliko siku zote, nami nikajisifu moyoni. Saa mbili na nusu mchanga, kokoto na saruji vilikuwa tayari, mashine inanguruma. Gari la maji halikuonekana. Saa nne bado. Dereva hapokei simu.

"Hilo haliji," akasema fundi nondo kutoka juu ya ngazi. "Pampu ya kisima wanachojazia imekufa tangu jana jioni. Iko jirani na kwangu."

"Na wewe umenyamaza!"

"Ungeniuliza habari za nyumbani, ningekwambia nyumbani maji hakuna. Umeniuliza?"

Walicheka mpaka mmoja akakalia mfuko wa saruji. Nami nikacheka, ingawa kwa kuchelewa. Nani anauguza, nani kafiwa, wapi nondo zimepungua: miaka yote hayo niliyasikia kwenye salamu, nikadhani yametoka kwenye daftari langu.

Kutwa tulitafuta gari jingine, tukakosa.

Jumatano nilianza na yeye. "Shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu. Na ya jana?"

Nikamwamkia tena. Nikaulizia nyumbani, watoto, mbuzi, na pampu. Ilikuwa imetengenezwa usiku. Simu sikuitoa mfukoni. Zege lote tulilimaliza kabla ya saa tisa, kwa mashine niliyoikodi mara ya pili. Ile kodi ya Jumanne, iliyokwenda bure, ilikuwa shilingi laki moja na elfu ishirini.