Lori la Kwenda Kuona Kimondo

Mume wangu alikuwa fundi seremala mjini Mbeya, na mimi bibi arusi wa mwaka wa kwanza kutoka Rungwe. Hatukuwa na kitu, ila Jumapili tulikuwa nayo. Tukitoka kanisani tulikwenda kutembea: siku nyingine kiwanja cha ndege, kuwatazama Wazungu wakishuka wameshikilia kofia zisipeperuke, siku nyingine mlima Loleza, tukala viazi vyetu huko juu na kubishana bati lipi kule chini ni la kwetu. Matembezi ya bure. Kilichotushinda ni Kimondo cha Mbozi, lile jiwe lililoanguka kutoka mbinguni, maana huko hufiki kwa miguu ukarudi jioni.

Aliyelitamani kuliko sisi ni baba mkwe wangu. Alikuja Mbeya kutibiwa macho, na daktari akamwambia bila kumficha kwamba nuru yake inakwisha. Mzee hakulalamika. Alisema tu kwamba kabla giza halijamkuta angependa kuona kitu ambacho Mungu alikitupa kwa mkono wake mwenyewe.

Kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani. Ni heshima, tunaiita kutila. Nikimsikia anakohoa njiani naacha njia, naingia migombani. Simtazami, simsemeshi, jina lake silitaji. Naye hunikwepa vilevile, ndiyo maana alifikia kwa ndugu yake ng'ambo ya mji, si kwetu kwenye chumba kimoja.

Basi mfanyabiashara mmoja mwenye asili ya pwani alikuwa na lori la kufuata kahawa Mbozi, akakubali kutuchukua kwa bei ya huruma. Ilikuwa safari yake ya mwisho ya msimu. Mume wangu akafurahi kama mtoto.

"Wewe utakaa mbele na dereva," aliniambia. "Tata atakaa nyuma na mimi. Hamtaonana hata kidogo."

Nilijua hapo hapo kwamba mpango wa namna hiyo ni wa mtu aliyekaa mjini mno. Lakini nilikuwa nimeshafua gauni langu la Jumapili, nikanyamaza.

Asubuhi ile mume wangu alikwenda kumchukua baba yake, mimi nikatangulia kwenye lori. Mbele nikakuta pamekaliwa na mama mzazi wa mwenye gari, na huyo nani angemwondoa? Dereva akaniambia, "Panda nyuma, bibi. Kuna magunia matupu, utakaa kisultani." Nikapanda. Abiria wengine wakajaa, nami nikajikuta ndani kabisa.

Kisha nikawaona wanakuja. Mzee alikuwa amevaa koti lake la kanisani, anatembea taratibu, mkono mmoja begani kwa mwanawe. Nikajifunika kanga uso mzima. Nikasikia hatua zinafika nyuma ya lori, zikasimama. Alikuwa ameniona. Macho mabovu, lakini kwa jambo hilo yalitosha.

Kwa desturi mimi ndiye wa kupisha. Nimejitetea miaka mingi kwamba mlango wa lori ulikuwa mmoja, naye amesimama pale pale, kwa hiyo kushuka kungekuwa kumwendea. Ni kweli. Lakini ubavu wa lori haukuwa mrefu, na mimi nilikuwa msichana wa kupanda miti. Ningeruka. Sikuruka kwa sababu nilitaka kwenda.

"Mzee, vipi?" dereva akaita. "Waogopa gari?"

Watu wakacheka. Nikamsikia mkwe wangu akijibu, "Ndiyo, baba. Linanitisha hili." Mtu aliyekuja na basi kutoka Tukuyu! Akamgeukia mwanawe, akasema kwa lugha yetu, "Panda wewe. Usimwache mtoto wa watu peke yake."

Tukaenda. Mume wangu alinipa mgongo njia nzima, na sikumlaumu.

Ningependa kusema kwamba safari ilinitumbukia nyongo. Haikunitumbukia. Kimondo kilikuwa kimelala kilimani, cheusi, kikubwa kuliko kichwa cha lori letu, kimechimbiwa shimo kukizunguka. Ukikigonga kwa kokoto kinalia kama kengele ya shule. Nilikigonga, nikakipapasa, nikakiegemeza shavu, nikacheka kwa sauti. Kwa muda wote ule nilimsahau mzee. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata lori.

Kesho yake alikuja kutuaga, akakaa nje ukutani, mimi nikajificha jikoni. Mwanawe akamsimulia: "Ni jiwe, Tata. Jeusi. Kubwa." Basi! Seremala hodari, mdomo hana. Alipokwenda kutafuta maji ya kunawa, mzee akabaki peke yake, akasema taratibu, "Sijui lina baridi, au lina joto."

Nilijua jibu, shavu langu lilikuwa bado linalikumbuka. Na njia ilikuwepo. Mkamwana mwenye neno la lazima humwambia kuku au paka, mkwe akalisikia kwa bahati. Mama zetu wote walifanya hivyo. Mimi niliona haya, nikakoroga uji.

Mkamia maji hayanywi. Macho yake yalizimika kabla ya msimu mwingine wa kahawa. Tulipokwenda Rungwe kumwona, wifi yangu akatania barazani, "Sasa Tata anaweza kupanda lori moja na mkamwana wake, hamwoni tena!" Wote wakacheka, na mzee akacheka nao. Mimi nilikuwa jikoni nimeshika mwiko, nikaona nikinyamaza tena sitajisamehe.

"Wewe paka," nikasema kwa sauti ya kufika barazani, "lile jiwe la Mbozi lilikuwa na baridi, ingawa jua lilikuwa kali. Na ukiligonga linalia kama kengele."

Kicheko kikakatika. Kisha nikasikia sauti ya mkwe wangu, pole, inamwuliza paka yule yule:

"Na mkamwana wangu, alifurahi?"

Paka alikuwa miguuni pangu, ananitazama. Nilishindwa kumjibu hata yeye.