Habari za Maji ya Silanga

Kiti cha Weris Mahat kimebaki kitupu katika ofisi ndogo ya maji mjini Garissa, na hakuna aliyekisogeza.

Ni yeye aliyesimamisha vifaa kumi na viwili kwenye silanga, yale mabwawa ya mifugo yaliyochimbwa upande wa Bura. Kila kifaa kilipima kina cha maji, kikakipasha habari kwa redio kifaa kilichofuata, nacho kikapasha cha mbele yake, hadi mjini. Njia aliichora mwenyewe, moja tu, imenyooka.

Kiangazi cha mwaka juzi shangazi yake, Ebla, alipiga simu akitaka kuhamisha ng'ombe. Weris akatazama skrini, akamwambia silanga ya mwisho imejaa nusu. Ebla akatembea siku mbili, akakuta tope limepasuka. Mchwa walikuwa wameangusha nguzo ya kifaa cha nne. Vyote vya nyuma yake vikanyamaza, na skrini ikaendelea kuonyesha kipimo cha wiki tatu zilizopita. Ndama tisa walifia njiani.

Ebla hakugomba. Aliuliza tu, wakinywa chai, "Kifaa chako kinamwuliza habari mtu mmoja tu njiani?"

"Ndiyo, Eedo," Weris akamjibu shangazi yake. "Mimi ndiye niliyekipangia."

"Sisi tunamwuliza kila tunayekutana naye, hata tusiyempenda. Na tunamwuliza maji aliyaona lini. Wewe ulilelewa na nani?"

Maneno hayo Weris alikaa nayo miezi saba. Aliifuta ile njia. Sasa kila kifaa kikiwashwa huita, husikiliza vilivyojibu, kisha huchagua cha kukipa habari. Hicho kikinyamaza, hutafuta kingine. Ukiongeza kipya, hujitambulisha chenyewe. Na kila kipimo husafiri na saa yake.

Kiangazi kilichofuata, kabla ya kuhama, Ebla hakutaka maelezo. Kwenye silanga ya katikati, Weris akiwa naye, aliking'oa kifaa, akakizima, akakitia kwenye mzigo wa punda na kuketi.

"Eedo, hicho ni cha ofisi."

"Kaa chini."

Baada ya dakika ishirini simu ya Weris ilionyesha silanga ya mwisho: mita moja na nusu, asubuhi ileile. Habari ilikuwa imezunguka kupitia vifaa vingine.

"Sasa kimelelewa," Ebla akasema, akawaswaga ng'ombe. Siku mbili baadaye walikunywa.

Siku hizi Weris ameacha kiti cha ofisini, anaishi Diff, mpakani, na kwenye silanga za huko amekwisha kusimamisha vifaa themanini na vitatu.