Kicheko cha Mama Cherehani

Mzee Randa alitengeneza vitanda, milango na majeneza kwa miaka hamsini. Shule hakuionja, na maneno yake yalikuwa ya kuhesabika. Mkewe, Mama Cherehani, ndiye aliyesema kwa niaba ya wote wawili.

Mama huyu aliolewa na lugha ya kwao kinywani. Ndugu zake wakafa mmoja mmoja, ikabaki kwake peke yake. Mumewe hakujifunza hata salamu. Alisema kichwa chake kimejaa vipimo. Akimsikia mkewe anaisema huku cherehani inalia, alitabasamu tu, akaendelea na mbao zake.

Kisha akaja Mwalimu, mhadhiri wa isimu, yaani elimu ya lugha, pale chuo kikuu. Alileta suruali ipunguzwe kiuno, akamkuta mama anaugombeza uzi kwa lugha ya kwao. Jumanne iliyofuata alirudi na kinasa sauti. Akarudi kila Jumanne kwa miaka miwili, na mwishowe akawa anaongea lugha ile kama aliyenyonya nayo.

Mzee Randa, akiwa uani, alisikia vicheko vinatoka dirishani. Akiingia, vinakoma.

"Mnacheka nini?"

"Mambo ya kwetu tu, mume wangu. Nikiyageuza kwa Kiswahili yanapoa."

"Na suruali gani hiyo inapunguzwa kiuno miaka miwili? Huyo mtu si angekuwa amekwisha?"

Mama alicheka mpaka akaangusha mkasi. Mzee hakucheka. Hakuwa na shaka na mkewe kwa lile watu wanalolidhania. Uchungu wake ulikuwa mwingine: kulikuwa na chumba ndani ya mkewe, na mgeni ndiye aliyepewa ufunguo.

Mama alifariki. Mwezi wa nane baada ya mazishi ukaja mwaliko. Chuo kilikuwa na mihadhara ya lugha kila Alhamisi alasiri, mlango wazi kwa kila mtu, na Alhamisi iliyofuata ingekuwa zamu ya lugha ya Mama Cherehani. Binti wa Mzee Randa, muuguzi, aliomba ruhusa kazini ili ampeleke baba yake.

"Baba, vaa koti."

"Siendi kuposa."

Lakini alivaa.

Waliwekwa mstari wa mbele. Mzee alipapasa kiti, akakuta skrubu mbili zimelegea, akazikaza kwa ukucha. Mwalimu alisimama, akasema kwamba yote aliyonayo alifundishwa na mama mmoja fundi cherehani. "Mwalimu wangu," akamwita. Mzee alimtazama kama mtu anayemwona mwizi amevaa shati lake.

Ndipo sauti ikatoka kwenye spika. Ni mkewe. Hata kikohozi chake kile cha kabla ya kusema kilikuwemo. Mzee alishika magoti. Mama alisema, akasema, kisha akacheka. Na ukumbi mzima ukacheka naye, watu mia na ushei, wote wametazama tafsiri ya Kiswahili inayopita ukutani kwa maandishi.

Mzee peke yake hakujua wanacheka nini.

"Zima!" Alikuwa amesimama. "Zima hiyo! Mnamcheka marehemu?"

Binti alimvuta koti. "Baba, kaa."

"Mzee wangu, hawamcheki," Mwalimu alisema, akisimamisha sauti. "Maneno yake yako pale ukutani."

"Pale ni kwako. Mimi kwangu ni chokaa."

Binti akainuka, akamsomea baba yake kwa sauti:

"'Mume wangu nikimsema kwa lugha yetu, anatabasamu. Anadhani namsifu. Juzi nimemwambia ana kichwa kigumu kama gogo. Akanijibu, na wewe pia, mke wangu.'"

Hakuna aliyethubutu kucheka sasa. Binti akaendelea. "Hapa Mwalimu anamuuliza mbona hajakufundisha. Mama anasema: 'Nikimfundisha, nitamlalamikia wapi? Mwenyewe ndiye huyo huyo mmoja niliyenaye.'"

Mzee Randa aliketi. Hakuinuka mpaka watu walipotoka.

Mwalimu akamfuata, ameinamisha kichwa. "Shikamoo, mzee. Nisamehe. Ningekuja nyumbani kwanza."

"Marahaba. Sauti zake za namna hii unazo za muda gani?"

"Saa kumi na tisa."

"Na zote unazielewa?"

"Karibu zote."

Jibu hilo lilimchoma kama kibanzi chini ya ukucha.

"Naweza kuziweka kwenye simu ya dada huyu," Mwalimu alisema. "Ni zenu. Mimi mwenyewe siku hizi sina wa kuongea naye kwa lugha hiyo."

Mzee alitaka kumwambia kwamba yeye hana wa kuongea naye kwa lugha yoyote. Hakumwambia. Hakutaka kumpa na hilo.

"Simu itanipigia kelele tu," alisema. "Utakuja mwenyewe. Jumanne, kama ulivyozoea. Unafungua, unanigeuzia neno kwa neno, hata akinitukana. Hasa akinitukana."

"Nitakuja, mzee."

"Kiti chake cha dirishani hukikalii. Kuna kigoda."

"Sawa, mzee."

Alianza kwenda, binti amemshika mkono. Mlangoni akageuka.

"Na usicheke kabla hujanieleza."