Safari ya Mowlem Kumtoa Nekesa Langoni

Akina mama wenzangu wa Kaloleni, Jumamosi mliniona nikifunga meza yangu ya dagaa wa omena saa sita mchana mkaanza kuulizana nani amekufa. Hakufa mtu. Nilikuwa nakwenda Mowlem kumtoa mjukuu wangu Nekesa kwenye timu ya mpira.

Sababu ni hii. Nekesa ni kipa wa akiba. Mwaka mzima amekalia benchi kwa kuwa langoni yuko msichana mwingine, Makena. Sasa Makena ana adhabu ya kadi nyekundu ya msimu uliopita, na mechi tatu za kwanza za ligi hatacheza. Basi kocha akaanza kumpima Nekesa kwenye mechi za kirafiki kabla ligi haijafunguliwa. Makena anadaka kipindi cha kwanza, Nekesa cha pili. Jumamosi tatu mfululizo Makena hafungwi, Nekesa anafungwa mawili, anafungwa matatu.

Jumanne alirudi nyumbani akasukuma sahani ya ugali pembeni. "Kukhu," ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, "kocha anasema siko tayari. Jumamosi nikifungwa tena ataazima kipa kutoka Dandora, na jina langu halitaandikwa kwenye orodha ya ligi."

Nilimjibu hivi, na nayaandika kama nilivyoyasema: "Mtu hafungwi Jumamosi tatu kwa bahati mbaya. Acha hayo uje tuuze omena. Nitakwenda kukutoa mwenyewe."

Aliosha ile sahani, akaenda kulala.

Basi Jumamosi saa saba nilikuwa Jogoo Road kwa miguu, kwa maana goti langu likikaa sana linagoma. Nilipofika Makadara, karibu na mahakama, nikakaa kwenye ukuta mfupi kupumua. Mama mmoja mwenye mtandio wa kijani akaniuliza, "Kesi yenu ni ya saa ngapi, mama?"

"Sina kesi. Nakwenda kumtoa mjukuu wangu kwenye mpira. Hawezi kudaka."

"Umemwona akidaka mara ngapi?"

"Sijamwona hata mara moja."

Akacheka mpaka mtandio ukamteleza. "Wewe nawe! Hata hakimu hukaa akasikiliza kwanza."

Niliinuka nikaenda bila kuaga. Nilikasirika, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba alisema kweli.

Kutoka hapo nilipanda basi hadi Umoja, na basi sina la kulisimulia. Umoja nikachukua bodaboda. Mwenye pikipiki akaniita bibi kwa Kisheng, "Niaje, shosh!" Nikamwambia niaje ni ya wenzake, mimi aniamkie. Akasema "Shikamoo," akanipeleka polepole kama amebeba mayai.

Saa tisa na robo nilikuwa uwanjani. Nyasi hakuna, ni udongo mwekundu mtupu. Lango moja liko upande wa magharibi, karibu na ukuta wa kinu cha kusaga unga, na hapo ndipo wasichana huweka mifuko yao na mitungi ya maji. Lango la pili liko mashariki, na nyuma yake kuna mtaro wa maji machafu.

Kocha ni mwanamume mfupi mwenye filimbi shingoni. Nilimwambia nimekuja kumchukua Nekesa.

"Karibu, mama. Lakini tumalize mechi kwanza. Leo ndiyo namkatia shauri."

Saa tisa na nusu wakaanza na wageni wao kutoka Kayole. Nilikaa kwenye mifuko, nyuma ya lango la Makena, mgongo ukiota jua vizuri. Makena alidaka kila kitu. Nikasema moyoni, kumbe kocha ana haki.

Saa kumi na nusu wakabadilisha lango, na Nekesa akaingia. Mimi nami nikazunguka uwanja nikatafuta jiwe nyuma yake, kule kwenye mtaro. Nikakaa. Sikuona kitu! Jua lilikuwa limeinama juu ya paa la kile kinu, linanichoma ndani ya macho. Nikaweka kiganja usoni, bado machozi yanatoka. Wageni wakapiga mpira juu. Ukaingia ndani ya jua ukapotea. Nekesa akanyoosha mikono kule alikodhani upo, ukaanguka nyuma yake. Bao.

Wanaume waliosimama kando wakapiga kelele. "Kipa chujio huyo! Hiyo mikono ni ya kusukuma chapati!"

"Na wewe hicho kinywa ni cha kuzila," nikamwambia mmoja wao. "Njoo usimame hapa uniambie unaona nini."

Ninyi mnajua meza yangu ilivyokaa. Mwaka wa kwanza niliielekeza magharibi, na kila jioni nilikuwa nalia kama niliyefiwa, mpaka nilipoigeuza. Nikauliza wale wanaume, hawa huanzia upande gani? Wakasema upande wa mifuko, siku zote. Nikaingia uwanjani mzimamzima, na mkoba wangu begani. Mwamuzi akapuliza, sikumjali.

"Kocha, kwa nini siku zote mnaanzia kule kwenye kinu?"

"Mwenyeji huanzia penye mifuko yake, mama. Ikiwekwa upande wa mtaro inaibwa."

"Kwa hiyo jioni lazima Nekesa awe huku."

"Ndiyo, yeye ni wa kipindi cha pili."

"Umempima mtoto wa watu majuma manne akiwa kipofu, kwa ajili ya mifuko!"

Akashika filimbi. "Mama, mpira una jua na una mvua."

"Sawa. Basi hilo jua liwe la wote."

Nikamgeukia Nekesa. "Na wewe mbona hukusema?"

"Kipa akitaja jua anaambiwa anatafuta kisingizio, Kukhu."

Aliyemaliza ubishi ni Makena. Alikuja akivaa glavu zake. "Kocha, wacha nidake huku. Mimi mwenyewe sijawahi kusimama hapa saa hizi." Wageni wakakubali kuongeza robo saa, kisha wabadilishane lango kwa robo nyingine.

Robo ya kwanza Makena alifungwa mawili, la pili akiwa amejifunika macho kwa mkono. Robo ya pili Nekesa akasimama upande wa kinu. Aliruka, akadaka, akapangua. Msichana mmoja wa Kayole alibaki naye peke yao, Nekesa akamwendea akaurukia mpira miguuni pake. Halafu mpira mmoja mwepesi, wa kuokota kama yai kwenye kiota, ukampita katikati ya miguu. Bao.

Filimbi ya mwisho ilipolia, kocha hakunitazama. Alimwambia Nekesa, "Utaanza wewe. Sitaazima mtu." Makena akachukua mifuko miwili, akaibeba mpaka upande wa mtaro, akaikalia. "Jumamosi ijayo mnaanzia huku," akasema. "Nitailinda mimi, si nina adhabu?"

Tulirudi na Nekesa jua likizama, kwa miguu hadi Umoja, kisha basi. Tulipopita Makadara akanigeukia.

"Kukhu, si ulikuja kunitoa?"

"Nilikuja."

"Lile bao la mwisho jua lilikuwa mgongoni kwangu."

"Lile ni lako. Ulitanua miguu. Mengine yalikuwa ya mifuko, na lile neno la Jumanne ni langu. Kila mtu abebe lake."

Basi msiniulize kama yuko tayari. Sijui, na kocha naye ndio kwanza anaanza kujua. Ninachojua ni kwamba nilimhukumu mtoto nikiwa nimekalia kigoda changu Kaloleni. Jumamosi ijayo meza nafunga tena saa sita. Anayetaka omena aje mapema, na anayetaka kumsema Nekesa aje twende tukakae nyuma ya lango.