Meno Manne ya Jedidah

Jedidah hakuwa na meno manne ya chini, na kwa miaka mingi hakuna mtu kisiwani Rusinga aliyemuuliza yalikokwenda kwa nia ya kusikia jibu. Waliouliza waliuliza kwa adabu. Naye alijibu kwa adabu kwamba aliteleza kwenye mawe ya ufuoni akiwa amebeba karai la samaki, nao wakatikisa vichwa, wakasema pole, wakapita zao. Uongo huo alifundishwa na Nashon mumewe, damu ikiwa haijakauka kidevuni.

Ukweli ni kwamba Nashon alimpiga kwa kasia. Jedidah alikuwa amekwenda kwao Ndhiwa kumzika dada yake bila kungoja ruhusa, na aliporudi alimkuta mume amesimama mlangoni na kasia mkononi. Manne ya chini yaling'oka, moja la juu likavunjika nusu. Huyu alikuwa msichana ambaye Ndhiwa walisikia kicheko chake kabla hawajamwona, na kanisani Rusinga ndiye aliyeanzisha nyimbo. Baada ya kasia aliacha kwaya, akajifunza kuzungumza kiganja kikiwa mdomoni. Alibaki na kazi ya kukaanga samaki na kuwapeleka Homa Bay kwa Mwanarusi, mwanamke wa Lamu mwenye hoteli karibu na soko. Kazi hiyo, Mungu ashukuriwe, haihitaji meno.

Mwaka 1994 wakaja watu wa televisheni. Walikuwa na gari kubwa, kamera na nyaya chungu nzima, na mtangazaji aliyeitwa Makori, amevaa shati la kitenge lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Kipindi chao kiliitwa Hazina ya Makabila. Kila Jumamosi jioni kiliwaeleza Wakenya wao ni akina nani, kana kwamba walikuwa wamesahau. Juma lile walikuwa wanatafuta nak.

Zamani Wajaluo waliwang'oa vijana wao meno sita ya mbele, ya chini, iwe alama ya kutoka utotoni. Hiyo ndiyo nak. Makanisa yakaipinga, ikafifia, lakini vikongwe wachache wenye nak ya kweli walikuwa bado hai pale pale kisiwani. Makori alipelekwa kwao akarudi amekunja uso. Alisema hawasikiki vizuri, tena sura zao zimekwisha. Alitaka mama ambaye bado anatazamika. Nashon alikuwa amejibandika kwa wageni kama kupe tangu gari lao lilipovuka barabara ya mawe iliyokatiza ziwa kutoka Mbita, akasema, "Huyo mimi niko naye nyumbani."

Kilichofuata kinatia kinyaa hata kukisimulia. Waliondoa kalenda ya kanisa ukutani. Wakaondoa redio mezani. Wakamvua Jedidah kitambaa cha kichwa na viatu, kwa sababu mwanamke wa asili, kwa hesabu za Nairobi, havai viatu. Mpiga picha akamwinua mdomo kwa kidole gumba na kuugeuzia kwenye mwanga, kama ng'ombe anayeangaliwa umri sokoni Rangwe, kisha akajifuta kidole kwenye suruali. Na hakuna aliyehesabu. Nak ni meno sita, wala haigusi la juu, na mbele yao palikuwa na pengo la manne na kipande cha jino juu. Walitoka mbali kuja kuwafundisha watu utamaduni wao, na kuhesabu hadi sita kukawashinda.

"Mama," Makori akaanza, sauti imepakwa asali, "waeleze watazamaji ulitolewa meno ukiwa na umri gani."

Jedidah akajibu kwa Kiswahili chake cha soko la Homa Bay, "Mimi sikutolewa. Mimi nili..."

"Hapana, hapana, mama. Sema kwa lugha yako. Tunataka uasilia. Mzee hapa atatufasiria."

Mzee ni Nashon. Ndiko kumkabidhi fisi bucha.

Jedidah akaitazama kamera. Haikuwa na ukoo Rusinga, haikuwa na wa kumwonea haya, wala haikumwambia pole ikapita zake. Akautoa mkono mdomoni. Akaanza kusema kwa Kijaluo, polepole, bila kulia. Akataja Ndhiwa, dada yake, mlango, kasia, na uongo wa mawe ya ufuoni. Ilikuwa mara ya kwanza kuusikia ukweli ule ukitoka kinywani mwake mwenyewe, na alishangaa kwamba ulikuwa mfupi. Nje, mlango ukiwa wazi, Odhiambo, mdogo wake Nashon, alikuwa ameegemea ghala la mahindi, macho yake yakiwa kwenye vidole vyake vya miguu.

Nashon alitabasamu hadi mwisho. Kisha akamwambia Makori, "Anasema alitolewa akiwa msichana mdogo. Ilikuwa sherehe kubwa. Alijisikia mrembo sana, na mimi nilimpenda kwa sababu ya hiyo nak."

"Sivyo," alisema Jedidah kwa Kiswahili.

"Tumepata, mama. Safi kabisa," alisema Makori, na tayari alikuwa anakunja waya.

Nashon aliwasindikiza garini akanong'onezana kidogo na Makori. Hakumpiga mkewe siku ile. Alikuwa amelewa sifa, na mlevi wa sifa hana haraka. Jedidah naye alibaki na tumaini moja tu, akalishika kwa mikono miwili: sauti yake imo kwenye kanda. Nashon afasiri atakavyo, lakini kutoka Rusinga mpaka Ndhiwa mpaka Migori watu wanajua Kijaluo. Siku kipindi kitakapoonyeshwa watasikia, na hataambiwa tena pole kwa ajili ya mawe.

Miezi ikapita. Tarehe ilipojulikana, alimwambia Mwanarusi, "Jumamosi niwekee kiti cha mbele, pale kwenye televisheni yako."

"Kuna nini, mama Cate?"

"Utasikia."

"Mimi Kijaluo chenu najua kuitisha samaki tu, dada yangu."

"Wenye kusikia watasikia."

Jumamosi hoteli ya Mwanarusi ilijaa hadi nje. Watu wa Rusinga walikuja kwa boti, Nashon akiwa mbele amevaa koti, ndugu zake wakimfuata kama wapambe wa bwana harusi. Wachuuzi wa sokoni waliingia, na madereva wa malori waliokuwa wakila wakageuza viti. Jedidah aliketi mbele, mikono mapajani. Kitu kimoja tu kilimtia wasiwasi, nacho ni utulivu wa Nashon.

Uso wa Jedidah ukajaa kwenye kioo cha televisheni. Mdomo ulikuwa wazi, pengo likionekana hadi ufizi, midomo ikicheza. Lakini iliyosikika ilikuwa ngoma, na juu ya ngoma ilikuwa sauti ya Makori: "Mama Jedidah anasimulia kwa fahari siku alipotolewa meno, siku ya furaha iliyomfanya mwanamke kamili." Chini kabisa ya ngoma palikuwa na mvumo, kama wa inzi ndani ya chupa. Huo ndio uliokuwa sauti yake. Kisha wakaonyesha samaki wakianikwa juani, na ngoma ikaendelea.

Watu wakapiga makofi. Ngoja nilirudie hilo, maana halimezeki. Waliopiga makofi ni wale wale waliomwona akiletwa Rusinga bibi harusi na meno yake yote kinywani. Walijua kwamba mwanamke hatolewi nak akiwa mama wa watoto. Walijua, wakapiga makofi, kwa sababu boma lao limeonekana Nairobi. Kunyamaza mtu anaweza kusamehewa, huenda aliogopa. Lakini makofi hayapigwi kwa woga.

Nashon aliinama sikioni mwake. "Makori aliniambia siku ile ile. Sauti yako haikuwa na kazi, walitaka picha tu."

Basi Jedidah akainuka, akaenda kwenye televisheni, akazungusha kitufe mpaka ngoma ikafa. Wenye kelele walipiga kelele kidogo, wakaacha walipoona hakai. Akaanza kusema kwa Kijaluo, maneno yale yale, mikono ikiwa chini. Nyuma yake samaki walikuwa bado wanaanikwa. Wachuuzi wa Kijaluo waliacha kutafuna. Watu wa Rusinga wakaangalia ndani ya vikombe vyao.

Alipomaliza, Mwanarusi aliuliza kutoka mezani pake, "Anasemaje?"

Jedidah angeweza kumjibu mwenyewe. Kiswahili cha kusema hayo alikuwa nacho. Akamgeukia mumewe.

"Baba Cate, wewe ndiye mkalimani. Mfasirie mama."

"Nyar Ndhiwa, twende nyumbani," alisema Nashon, akimwita binti wa Ndhiwa kwa Kijaluo.

"Mfasirie kwanza."

Nashon alicheka, akawageukia ndugu zake wacheke naye. Hakuna aliyecheka. Mwanarusi aliendelea kungoja, kitambaa cha meza mkononi, na madereva waliendelea kungoja pia.

"Anasema Nashon alimpiga na kasia," alisema Odhiambo. Alikuwa amesimama karibu na mlango, na hakumtazama kaka yake. "Juu ya kwenda kuzika dada yake."

"Odhiambo, nyamaza."

"Ni kweli, mama," Odhiambo akamwambia Mwanarusi. "Hiyo kasia niliiosha mimi."