Baiskeli ya Ushuhuda

Baiskeli yangu ya magurudumu matatu, ile ya kuendeshwa kwa mikono, ndiyo ilikuwa miguu yangu na ndiyo ilikuwa duka langu. Mbele nilikuwa nimefunga sanduku la mayai ya kuchemsha na soseji za smoki, kando mkebe wa kachumbari. Masomo yakiisha chuoni naiendesha hadi getini, nauza mpaka sanduku linabaki tupu. Karo ilitoka humo, na nilijivuna kweli. Wenzangu wakaniita tajiri wa mayai.

Mama hakupenda. Si biashara iliyomkera, ni kule kuizoea kwangu baiskeli. Alitoka Awasi akaja kunichukua twende mkutano wa injili Kisian, na njia nzima akawa ananiambia kwamba mtu akijipanga sana na ulemavu wake, amemfungia Mungu mlango.

Mhubiri alisema tupande mbegu, tena siku hiyo hataki pesa. Kila mtu alete kile kinachomfunga. Wahudumu wakanishika makwapani, mama akaisukuma baiskeli hadi madhabahuni, sanduku na yote. Walinisimamisha. Waliponiachilia nilianguka kama gunia la mahindi. Mhubiri akatangaza kwamba uponyaji umeanza, wengine hutembea polepole. Watu wakashangilia, nami nina mchanga mdomoni.

Baada ya hapo nikawa wa kubebwa mgongoni kwenda darasani. Getini akaja mwingine kuuza mayai. Karo ikakosekana, chuo kikanirudisha nyumbani. Nilikasirika mpaka nikakataa kusali mbele ya mama.

Mwishowe nilimlazimisha twende Luanda Kotieno, alikohamia mhubiri yule, tukaidai baiskeli yangu. Mama alinibeba kutoka stendi hadi mkutanoni, anahema. Tukaikuta jukwaani. Sanduku langu bado lilikuwa limefungwa pale mbele. Mhubiri alikuwa anawaambia watu kwamba mwenye baiskeli sasa anakimbia, ameiacha iwe ushuhuda.

Nilivuta pumzi nipige kelele. Mama akaniziba mdomo kwa kiganja, machozi yanamtoka.

"Nyamaza, nyathina, mwanangu," akaninong'oneza. "Ukisema, hawa wagonjwa wote wataamini nini?"

Nikatazama mbele. Walikuwa wengi, na mmoja wao alikuwa ameshaanza kuvua mguu wake wa bandia. Watu wakasema amina. Mama naye akasema, na mimi bado niko mgongoni mwake.